Tulipu Iliyochelewa

Bi Atike hakupenda maua, na hakuona haya kulisema hilo mbele za watu, katika miaka ile ambayo Istanbul nzima ilikuwa imeshikwa na wazimu wa tulipu. Mawaziri walizipanda, maimamu walizipanda, wachoma mikate walizipanda kwenye vyungu vilivyovunjika. Hata huku Üsküdar, ng'ambo ya mji, wanaume wawili wakikutana asubuhi walijuliana kwanza hali za matunguu yao ya maua ndipo wakaulizana habari za watoto.

"Kitunguu ni kile kinachoingia chunguni," Bi Atike alikuwa akisema. "Hicho kingine ni kitunguu kilichojifanya bwana. Hakiliki, na kinataka kuamkiwa."

Kwa bahati mbaya yake, mwanawe wa pekee, Murtaza, fundi wa matandiko ya farasi, alizipenda tulipu kuliko usingizi. Mwaka aliomwoa Nigar, alikwenda kwa jirani yao Sabit Chelebi, mzee mwenye bustani iliyosifika mtaa mzima na kiti chake katika baraza la wakaguzi wa maua, akarudi na kibumba kikavu cha tulipu mkononi. Akakipasua mbele ya mama yake. Ndani mlikuwa na mbegu bapa, nyepesi, zimepangana kama magamba ya samaki.

"Utapanda hizi?" Bi Atike akauliza.

"Nitazipanda chini ya ukuta, pale jua linapoanzia."

"Na maua lini?"

Murtaza akajikuna shingo. "Mwaka wa saba, mama, Mungu akipenda."

Bi Atike alicheka hadi akashika mlango. "Miaka saba! Mwanangu, punda hubeba mimba mwaka mmoja na watu wanamwonea huruma!"

Murtaza naye akacheka, maana alikuwa mtu wa kucheka. Kisha akamweleza, akiwa amechuchumaa na vidole vimejaa udongo. "Sikiliza, mama. Ukipanda tunguu, unapata ua lile lile la mama yake, unalijua kabla halijatoka. Ukipanda mbegu, unapata ua ambalo Mungu hajamwonyesha binadamu yeyote. Na jina lake hili, *lale*, ukiliandika, herufi zake ni zile zile za jina lake Yeye."

"Basi nenda msikitini ukamsome huko. Hapa ningepanda vitunguu maji."

Lakini alimwachia kipande kile cha ardhi. Mama akikataa kitu kwa mdomo, mkono wake una akili zake.

Mwaka wa kwanza ziliota nyuzi za kijani, nyembamba kiasi kwamba Nigar alikuwa akipiga magoti kuzitofautisha na nyasi. Mwaka wa pili kila mmea ulitoa jani moja, basi, ukalala tena. Mwaka wa tatu jeshi la Sultani likatoka kwenda mpaka wa Uajemi, na jeshi lenye farasi haliendi bila fundi wa matandiko. Asubuhi ya kuondoka Murtaza alisimama uani na mzigo wake begani.

"Nigar, kiangazi usizimwagie maji, zitaoza. Mama, na wewe usizile."

"Nenda salama, mjinga wewe," Bi Atike akamjibu, akaugeuzia ukuta uso wake ili mwanawe asiuone.

Hakurudi. Majira ya baridi yaliyofuata mlango uligongwa, akaingia mtu mfupi, mpole, mwenye kovu la baridi kwenye sikio. Jina lake Veysel, mchunga ngamia wa jeshi, mwenyeji wa mtaa wa pili. Alikuwa amekunja kofia yake mikononi, na Bi Atike alipoiona ile kofia akajua. Homa ya kambini, Veysel alisema, karibu na Tabrizi. Haikumchukua muda mrefu, na walimzika kwa heshima zote, yeye mwenyewe alishika jeneza.

Walikaa kimya mpaka moto ukapungua. Pengine Veysel aliogopa ule ukimya, au pengine alitaka kuwaachia kitu kilicho kizuri zaidi ya kaburi, maana alianza kueleza habari za njiani.

"Tulipopita Erzurum, theluji ilikuwa inayeyuka. Tukapanda kilima, na tulipofika juu, upande wa pili wote ulikuwa mwekundu. Mimi nilidhani ni damu, nilidhani watu wamepigana pale. Kumbe tulipu. Za mwitu, fupi, hazifiki hata shubiri, zimetoka pembeni mwa theluji zenyewe, kilima kizima na kile kinachofuata. Murtaza alishuka kwenye farasi, akaketi kwenye matope. Akasema, 'Hawa ndio mababu, Veysel. Babu zetu walitoka nao huko huko mashariki. Zile za bustanini kwetu ni wajukuu waliovishwa hariri.' Tulimcheka. Halafu tukanyamaza mmoja mmoja. Mpaka jemadari akaacha kutuhimiza..."

Bi Atike akasimama. "Mwanangu amekufa," akasema, "na wewe umeniletea majani?"

Akaingia chumbani akafunga mlango. Kuanzia siku hiyo hakukanyaga tena bustanini. Kama alikuwa na haja ya kwenda kisimani, alizunguka kwa upande wa zizi.

Nigar ndiye aliyebaki na ule udongo. Alipalilia, alifunika kwa majani makavu kipindi cha barafu, alichimbua vitunguu vidogo kama punje za njegere na kuvirudisha. Walikuja watu kumposa, maana alikuwa bado kijana na mwenye sura ya kupendeza, akawapa kahawa na kuwaaga kwa adabu.

"We bi arusi," Bi Atike alimwambia siku moja wakichambua dengu. Alimwita hivyo tangu siku ya harusi na hakuwahi kubadilisha. "Unangoja nini kwangu? Mimi si urithi. Nina ulimi mbaya na nyumba inavuja."

"Ulimi nimeuzoea, mama. Paa ndilo linalonishinda."

"Usijitie hamnazo. Unangoja yale majani."

Nigar akainamia ungo. Aliendelea kutoa mawe kwenye dengu.

Basi mwaka wa saba ukafika. Majira ya machipuko yalipoanza, mimea ile ilitoa majani mapana, ya rangi ya kijani iliyopakwa majivu, na katikati ya majani vikachomoza vikonyo. Nigar alikuwa akitoka alfajiri bila hata kuvaa soksi. Vikonyo vikarefuka, vitumba vikavimba nchani, na juma moja la jua vikafunguka vyote pamoja, isipokuwa kimoja.

Vilikuwa vibaya.

Sabit Chelebi aliitwa kuja kuvitazama. Alikuja na fimbo yake na kilemba chake safi, akapita mstari baada ya mstari taratibu, na kwa kuwa alikuwa mtu mkweli hakuweza kudanganya hata kwa huruma. "Hili limelegea kama kilemba cha mlevi. Hili ni pana, sahani ya pilau hii. Hili lina rangi ya mvinyo uliomwagika kwenye mkeka." Akapumua. "Tulipu yetu sisi inatakiwa iwe nyembamba kama lozi, petali zake sita ziwe sawasawa, ncha zake ziwe kama sindano. Binti yangu, mbegu ni bahati nasibu. Zing'oeni kabla hazijaharibu udongo. Mbuzi watazipenda."

"Na hili ambalo halijafunguka?" Nigar aliuliza.

Sabit alilitazama lile chipukizi la pembeni, la kijani, limebana kama ngumi. "Linalochelewa hivi mara nyingi hufia kwenye ganda lake."

Nigar aliingia jikoni, akainamia sufuria akijifanya anapuliza moto. Bi Atike, aliyekuwa akikanda unga, aliyaona mabega yake yakitetemeka. Akafuta mikono, akafungua dirisha linaloelekea ukuta wa jirani.

"Sabit! We Sabit! Nani amekuruhusu kuita kazi ya mwanangu chakula cha mbuzi?"

Sauti ya mzee ikatoka upande wa pili, imepigwa na butwaa. "Bi Atike, wewe mwenyewe miaka saba hii unaziita vitunguu!"

"Mimi ni mama yake! Nina ruhusa!" Akalibamiza dirisha. Kisha akamwambia Nigar, bila kumtazama, "Hakuna atakayeng'oa hata moja. Nzuri, mbaya, zote ni zake."

Siku chache baadaye, Nigar alikwenda kuoga hamamu na wanawake wa mtaa. Bi Atike alibaki peke yake uani, anasugua kwa jivu lile sinia kubwa la shaba, la kulia watu kumi, lililokuja na mahari yake. Kulikuwa na joto la ajabu. Ndege walikuwa wamenyamaza. Alipoinua macho aliona mbingu juu ya maji ya Bosfori imekuwa na rangi ya jeraha lililovilia damu, na upepo ukaja na harufu ya baridi, kama mtu amefungua mlango wa ghala la barafu. Kitu kikagonga kigae cha paa. Kikagonga kingine. Jiwe jeupe likadunda miguuni pake, kubwa kama yai la njiwa.

Mlango wa bustani ulikuwa wazi. Kutoka pale alipokaa aliona hadi chini ya ukuta, na akaliona lile chipukizi lililochelewa, limerefuka kupita mengine yote, na ubavuni mwake, pale ganda la kijani lilipopasuka, mstari mmoja wa rangi.

Baadaye watu walimwuliza alifikiri nini. Hakufikiri chochote. Alijikuta anakimbia, mwanamke wa umri ule, na sinia juu ya kichwa, huku mawe yanampiga mikono na mabega. Maua yaliyofunguka yalikuwa yameanza kukatika shingo kushoto na kulia. Alipiga magoti kwenye matope, akaliinamisha sinia juu ya lile shina moja, akalishika kwa mikono miwili.

Ndipo mbingu ikajimwaga. Mawe yalipiga shaba kama ngoma za jeshi zote zimekusanywa kwenye uwanja mmoja. Vidole vyake vilivyoshika ukingo viligongwa mpaka vikatoka damu. Alipiga kelele, na sauti yake mwenyewe hakuisikia. Alimwita Murtaza. Alimtukana kwa kwenda, akamtukana kwa kutorudi, akamwambia mambo yote ambayo hakumwambia asubuhi ile alipougeuzia ukuta uso wake. Na chini ya sinia, katika kivuli kile, shubiri moja kutoka puani pake, lile chipukizi lilisimama limenyooka kama alifu, halitikisiki.

Mvua ilikoma ghafla kama ilivyoanza. Bi Atike alijaribu kushusha mikono, ikakataa. Alikaa vile vile amepiga magoti mpaka ilipolegea yenyewe, sinia likateleza mapajani, na jua, kama kwamba halikuwa na habari ya chochote, likatoka.

Bustani nzima ilikuwa nyeupe. Barafu ilimetameta juu ya kila kitu, mvuke ukaanza kuinuka kutoka ardhini. Na katikati ya weupe ule lile ua likaanza kufunguka.

Hakuwahi kujua kwamba jambo hilo huweza kuonekana kwa macho. Siku zote alidhani maua hufunguka watu wakiwa na shughuli zao. Lakini joto la jua liliposhuka juu ya lile ganda, petali ya kwanza ilijiondoa kwa wenzake, polepole, kama mtu anayeachilia pumzi. Ikafuata ya pili. Ncha zake zilikuwa nyembamba mno, zilikuwa karibu kuwa si kitu, zinaishia hewani kama sauti ya muadhini inavyoishia bila mtu kujua imekatika wapi. Huko juu zilikuwa nyeupe, weupe wa ndani ya ganda la yai. Kadiri zilivyoshuka ndivyo weupe ulivyoingiwa na wekundu, mshipa kwa mshipa, mpaka pale shingoni ukawa ule wekundu wa komamanga lililopasuliwa wakati huo huo. Na jua lilipopenya kutoka nyuma, wekundu wote ukawaka. Alichungulia ndani. Chini kabisa mlikuwa na duara la manjano, safi, ambalo lilikuwa limejichora pale gizani bila ya mtu kuliona wala kulisifu.

"Subhanallah," Bi Atike akasema. Akasema tena. 

Miaka saba. Wakati yeye anakwenda sokoni, anagombana na muuza samaki, anapika, analia, anakataa kupita hapa, kitu hiki kilikuwa chini ya udongo kinajiandaa. Hakuna aliyekifundisha petali ni sita. Mwanawe alitupa mbegu moja nyepesi kama gamba, akaenda zake akafa, na Aliyeianza kazi hakuiacha. Alihisi nywele za mikono zinasimama. Alihisi hofu kidogo, ile hofu anayoipata mtu akiingia msikiti mkubwa kwa mara ya kwanza na kuinua macho kwenye kuba.

Nigar alirudi mbio, taulo bado kichwani, akamkuta mavyaa yake ameketi kwenye barafu inayoyeyuka, mikono ina damu, sinia limebonyea kila mahali.

"Mama! Umeumia! Inuka, umelowa, utapata homa..."

"Kaa chini, bi arusi."

"Mama, mikono yako..."

"Kaa. Usiseme kitu."

Nigar akafuata macho yake. Akaketi pale pale, bega kwa bega na mama mkwe wake, na wote wawili wakatazama. Baada ya muda mrefu Bi Atike akauchukua mkono wa Nigar akauweka mapajani pake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Sabit Chelebi aliwakuta hivyo hivyo. Alipitia mlango wa nyuma, kichwa wazi, kilemba amekisahau, ngumi imejaa mashina yaliyovunjika. Bustani yake yote, kazi ya umri wake, ilikuwa imesagwa. "Halikubaki hata moja," alikuwa akisema, kwao au kwa nafsi yake. "Hata moja, Bi Atike, hata lile..." Akaona. Mashina yakamdondoka.

Alisogea taratibu kama mtu anayesogelea ndege. Aliinama, akazunguka upande huu, akazunguka upande ule, ndevu zake nyeupe karibu ziguse udongo. Akapima petali kwa macho, moja baada ya nyingine, na midomo ikawa inatembea. Mwishowe akanyooka.

"Hakuna," akasema.

"Hakuna nini?" Bi Atike akamkazia macho. "Sema, na uangalie unachosema."

"Hakuna ninachoweza kusema." Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyafuta. "Nimetazama tulipu tangu nikiwa na ndevu nyeusi. Nilifikiri ninazijua." Akaketi naye kwenye matope, na joho lake la sufu, kama mtoto. Adhana ya alasiri ikapita, na hakuna aliyeinuka mpaka muadhini alipomaliza.

Ndipo mzee akakumbuka kazi yake. Alisema ua kama lile lazima lifikishwe barazani, wakaguzi walione, lipewe jina. Majina aliyokuwa nayo tayari: Taa ya Peponi, Mkufu wa Malkia, Shavu la Hurulaini.

"Liite Iliyochelewa," Bi Atike akasema.

"Bi Atike, baraza halitakubali jina kama hilo. Ni kama jina la mashua mbovu!"

"Huko waliite watakavyo. Hapa kwetu ni Iliyochelewa."

Wakaguzi walikuja, wakalitazama, wakakubaliana na Sabit Chelebi, wakaliandika kwa jina refu la Kiajemi ambalo mtaani hakuna aliyeweza kulitamka. Watu wa Üsküdar walikuja pia, ambao wengi wao bustani zao zilikuwa zimepigwa na mvua ile ile. Waliingia wakiwa na maneno mengi, wakatoka bila maneno.

Katika siku zile Bi Atike alifunga vidole vyake kwa kitambaa, akavaa shela, akaenda mtaa wa pili, akagonga mlango wa Veysel. Yule bwana alipomwona alirudi nyuma hatua moja.

"Nilikukosea," Bi Atike alimwambia. "Uliniletea kitu cha mwanangu nikakutupia. Njoo nyumbani. Niambie tena habari za ule mlima."

Veysel akaja. Akasimulia kilima chekundu na theluji, na Murtaza akiketi matopeni. Safari hii Bi Atike alitaka kila kitu: farasi alifungwa wapi, Murtaza alicheka au alitabasamu tu, mkono wake aliuweka vipi. Nigar alisikiliza kutoka mlangoni, na chombo cha kahawa kikapoa mikononi mwake. Juma lililofuata Veysel akapita tena, amekumbuka jambo dogo. Na juma lililofuata. Kiangazi kikaingia, majani ya tulipu yakanyauka kama inavyotakiwa, na Veysel bado anakumbuka mambo madogo.

"Veysel mwanangu," Bi Atike akamwambia siku moja, huku akimkatia tikiti maji, "huo mlima tumeshaupanda sote mpaka viatu vimetoboka. Sema unachokuja kusema."

Veysel akawa mwekundu hadi kwenye kovu la sikio. Nigar akainuka kwenda jikoni, na Bi Atike aliona kwamba mabega yake yanatetemeka tena. Lakini safari hii alikuwa anacheka.

Harusi ya Nigar na Veysel ilikuwa ndogo, baada ya mavuno ya zabibu. Bi Atike ndiye aliyemtoa bibi harusi, kama mama amtoavyo binti yake, na usiku wa hina alimwimbia mpaka sauti ikamkauka. Alidhani wataondoka. Alikwisha kujipanga kuishi na paka na paa linalovuja. Lakini Veysel alifika na kifurushi chake, akaweka ngazi ukutani, akapanda juu akaanza kupanga vigae. Huko kwao, alisema, kaka zake watano walikuwa wanagombania chumba kimoja.

Vuli walifukua matunguu. Lile la Iliyochelewa lilikuwa limezaa mawili pembeni, madogo, yenye ngozi ya kahawia inayong'aa. Moja Bi Atike alimpelekea Sabit Chelebi, ambaye ardhi yake ilikuwa tupu. Mzee alilipokea kwa mikono miwili, akalibusu, akaligusisha kwenye paji la uso, na Bi Atike akasahau mzaha aliokuja nao.

Machipuko yaliyofuata Nigar alikuwa mzito, hawezi kuinama, kwa hiyo Bi Atike ndiye aliyepalilia. Iliyochelewa ilichelewa tena. Ilipofunguka, habari zikaenda mpaka gatini, na watu wakaanza kufika tangu asubuhi: mabaharia, watoto wa madrasa, wanawake waliovuka maji kwa ajili hiyo tu. Waliingia wakipiga soga na kusukumana. Bi Atike alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya ukuta, fimbo mapajani.

"Nyamazeni kidogo," alikuwa akiwaambia. "Mtasema baadaye. Tazameni kwanza."